Kelele Nne Katika Cherehani Moja: Shajara ya Kutengeneza Mashine ya Mkono Mrefu, Mwananyamala

Shajara hii ni kwa ajili ya mtu aliyenunua, au anayefikiria kununua, cherehani ya mkono mrefu iliyokwisha kutumika: ile ambayo mfarishi, yaani shuka nene la tabaka lenye pamba ndani, hutulia umekazwa kati ya mabomba ya meza, na kichwa cha cherehani ndicho kinachotembea juu yake kwa toroli na reli. Mafundi wa cherehani za kawaida hawakosekani katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, lakini wengi wao huiona mashine ya namna hii kwa mara ya kwanza siku wanayoitwa kuitengeneza, na sisi wenyewe hatukuwa tumewazidi kwa ujuzi. Nitaandika zaidi tulipokosea kuliko tulipopatia, kwa kuwa fedha ilipotelea kwenye makosa. Bei zote ni za shilingi, kama tulivyolipa wenyewe.

12 Aprili 2025: Ilivyokuwa tulipoiwasha

Cherehani yetu ina mkono wa inchi 26, yaani takribani sentimita 66 za nafasi kati ya sindano na shingo, na meza yake ina urefu wa futi 10. Mimi na mdogo wangu tuliinunua kutoka kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Kabla ya hapo ilikuwa imelala miezi 14 katika stoo moja ya Kigamboni, si mbali na ufukwe, ikiwa imefunikwa turubai tu, na anayeijua hewa ya huko anajua chumvi inavyokifanya chuma. Tuliivusha darajani kwa Kirikuu, gari dogo la mizigo, tukaifunga katika chumba chetu cha kazi hapa Mwananyamala, tukaiunganisha na transfoma kwa kuwa ni mashine ya volti 120 ilhali umeme wetu ni wa volti 230, kisha tukaiwasha.

Mama mwenye nyumba alishuka kutoka ghorofani ushungi haujamkaa sawa, akauliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Programu ya simu ya kupima sauti, ambayo naitumia kwa kulinganisha tu kwa kuwa simu si kipimo cha maabara, ilisoma desibeli 88 nilipoishika mita moja kutoka kwenye kichwa, mwendo ukiwa mishono 1,500 kwa dakika. Tumeshapokea malipo ya awali ya mifarishi 6 ya vitenge kwa ajili ya harusi ya mwishoni mwa Juni, kwa hiyo muda wa kujifunza upo, lakini si mrefu.

15 Aprili: Makosa mawili ya haraka

Kosa la kwanza ni langu. Nilinunua kopo la dawa ya kupenyeza kutu, ile ya kunyunyiza, kwa 9,000, nikainyunyiza kila mahali palipokuwa na chuma kinachosogea, pamoja na ndoano inayozunguka chini ya bamba la sindano na kuukamata uzi. Kwa dakika 20 hivi kelele ilipungua, tukapeana mikono. Kisha ukaanza mlio mpya, mwembamba, kama wa mlango wa bati unaofunguliwa usiku. Dawa ile kazi yake ni kuyeyusha. Iliyayeyusha mafuta ya zamani, ikayaosha, halafu yenyewe ikakauka na kuacha chuma kikisuguana na chuma. Ndoano ya namna hii huzunguka mara 2 kwa kila mshono mmoja, maana yake kwa mwendo wa mishono 1,500 inazunguka mara 3,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo ukavu wa dakika chache tu unatosha kuila.

Jioni nzima niliitumia kufuta kwa pamba na spiriti, kisha nikatia tone moja la mafuta meupe ya cherehani kwenye njia ya ndoano, nikazungusha gurudumu la mkono taratibu mpaka likaenea. Mlio ule mwembamba ukaisha, zikabaki kelele za mwanzo. Chupa 2 za mafuta hayo zilinigharimu 6,000, na hadi leo chupa ya kwanza haijafika nusu.

Kosa la pili ni la mdogo wangu, ingawa anasisitiza kwamba nililibariki. Kwa kuwa toroli lilikuwa linakwaruza, aliamua kwamba beringi za magurudumu zimekufa. Namba iliyoandikwa juu yake ni 608, beringi ya kawaida kabisa ya tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22 na unene milimita 7, kwa hiyo kuipata Kariakoo hakukuwa na shida. Alinunua 8 kwa 3,500 kila moja, tukashinda siku nzima tukizibadilisha, na tulipolirudisha toroli kwenye reli likakwaruza vilevile. Beringi tulizozitoa, tulipozizungusha kwa kidole, zilikuwa zinateleza bila kelele yoyote. Sasa ziko katika kopo la maziwa, ni akiba.

19 Aprili: Kuzitenganisha kelele

Kabla ya kununua kitu kingine tulikubaliana kutenganisha sauti. Kwanza tulizima umeme, tukaliendesha toroli kwa mkono kutoka upande hadi upande, kisha mbele na nyuma: kinacholia hapo hakiwezi kuwa kichwa, ni reli na magurudumu tu. Pili tulilifunga toroli lisitembee, tukaiwasha mashine ikishona mahali pamoja: kinacholia hapo hakiwezi kuwa magurudumu. Tatu tulitoa sindano na nyumba ya bobini (kikonyo cha uzi wa chini), tukaiwasha tena ikiwa tupu. Nne tuliuvua mkanda, tukaiacha mota izunguke peke yake. Katika kila hatua mdogo wangu aliandika alichosikia na mimi nikaandika nilichosikia, bila kuonyeshana, kwa sababu tulikwisha kugundua kwamba mmoja akishataja jina la ugonjwa mwingine naye huanza kuusikia.

Matokeo yalitushangaza. Tulidhani tunatafuta kelele moja kubwa, kumbe zilikuwa nne zilizopandana. Ulikuwapo mkwaruzo wa toroli, hata umeme ukiwa umezimwa. Kulikuwa na kugonga, ta-ta-ta, ambako kulipungua sana sindano ilipotolewa lakini hakukwisha. Ulikuwapo mvumo wa kusaga ambao haukujali kama sindano ipo au haipo, ila ulitoweka mkanda ulipovuliwa. Na kulikuwa na mtikisiko wa meza, uliozikuza zote tatu kama ngoma inavyoukuza mkono. Kazi hii ilichukua saa 2 na haikugharimu hata senti. Tungeifanya tarehe 12.

26 Aprili: Mkwaruzo wa toroli

Tulipolisukuma toroli polepole tulisikia mambo mawili: mkwaruzo usiokatika, na juu yake kishindo kidogo kinachorudi kwa kipimo. Nilibandika utepe wa kupimia pembeni mwa reli, mdogo wangu akaweka alama ya chaki kila kishindo kinaposikika. Nafasi kati ya alama na alama ilikuwa sentimita 16, kila mara. Ukigawanya 16 kwa 3.14 unapata 5 na ushee, na kipenyo cha magurudumu yetu ni sentimita 5. Kama tatizo lingekuwa kwenye reli, kishindo kingesikika mahali pale pale kila toroli linapopita. Hiki kilihama tulipoanzia mahali pengine, kwa hiyo kilikuwa kinabebwa na gurudumu. Tuliyazungusha moja moja kwa mwanga wa tochi, tukalikuta la nyuma kushoto limebapa upande mmoja, kwa upana wa ukucha. Lilikuwa limelala chini ya uzito wa kichwa kwa miezi 14 bila kusogezwa. Beringi mpya tulikuwa tumeiweka ndani ya gurudumu bovu.

Fundi wa kukereza wa mtaa wa Gerezani alilichonga jipya kwa naironi kwa 25,000. La kwanza alilichimba mfereji kuzidi, bega la gurudumu likawa linasugua reli. Alilirekebisha bila malipo, lakini siku ilikwisha kuliwa na foleni. Anayetaka kutuiga apeleke gurudumu zima la mfano, si lile bovu peke yake.

Mkwaruzo wenyewe haukutoka kwenye magurudumu yanayobeba mzigo. Ulitoka kwenye kigurudumu kidogo cha mpira kinachosoma mwendo wa toroli na kuiambia mashine ishone haraka au polepole, ambacho hatukukigusa tulipobadilisha beringi kwa kuwa hakibebi kitu. Kwenye ekseli yake uzi wa poliesta ulikuwa umejiviringa tabaka kwa tabaka mpaka ukawa pete ngumu, na nilipoukata kwa wembe na kuuvuta kwa kibanio ulitoka mzima, mweusi, wenye umbo la hereni. Kukiwa na pete ile kigurudumu kilikuwa kinaburuta badala ya kuzunguka, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mishono yetu ya majaribio ilikuwa mifupi mahali pengine na mirefu mahali pengine. Reli zilikuwa na madoa ya kutu. Tuliyafuta kwa msasa laini na spiriti. Msasa, spiriti na brashi kwa jumla vilikuwa 7,500. Desibeli zilishuka kutoka 88 hadi 85, lakini masikio yalipumzika zaidi ya hivyo.

3 Mei: Sindano isiyo yake

Sehemu hii ndiyo iliyotuumiza, nami nitairefusha.

Sindano zilizokuja na mashine ziliisha mwanzoni kabisa, nikaenda Kariakoo kununua nyingine. Muuzaji aliuliza, "Za cherehani ya kiwandani, mama?" Nikasema ndiyo, maana kwa macho yangu hii ni ya kiwandani. Alinipa pakiti ya DB×1, sindano 10 kwa 6,000, ambazo kweli ndizo za cherehani nyingi za viwandani za mshono mnyoofu. Mashine yetu inatumia mfumo wa 134, ambao baadhi ya pakiti huuandika DP×5 au 135×5. Ukizilaza sindano hizo mbili juu ya meza, urefu unakaribiana na mtu mwenye haraka haoni tofauti. Tofauti iko kwenye shina: la DB×1 lina unene wa milimita 1.6 hivi, la 134 lina milimita 2. Shina jembamba likiingia kwenye tundu la milimita 2, skrubu hulisukuma upande mmoja mpaka likute ukuta, na sindano nzima inahama. Kwetu ilihamia upande wa ndoano. Mwanya unaotakiwa kati ya ncha ya ndoano na sindano hauzidi sana unene wa karatasi, kwa hiyo kuhama huko kidogo kulitosha ndoano iwe inaipiga sindano kila inapopita.

Tungekuwa tumeishia hapo hasara ingekuwa pakiti moja. Lakini siku za mwanzo tulimwita fundi wa cherehani wa jirani, tukamlipa 15,000, naye kwa nia njema alilegeza skrubu za ndoano na kupanga upya taimingi, yaani wakati ncha ya ndoano inapokutana na sindano, sindano isiyo yake ikiwa imo ndani. Kugonga kulipungua kidogo. Baada ya kugundua kosa na kununua pakiti 2 za mfumo wa 134 kwa 8,000 kila moja, niliweka sindano sahihi nikitegemea ukimya, na mashine ikaanza kuruka mishono. Taimingi ilikuwa imepangwa kufuata sindano ambayo haimo tena.

Nilichofanya ni hiki. Nilitoa bamba la sindano, nikasafisha, nikaiangalia ncha ya ndoano kwa kioo cha kukuzia na kuipitisha ukucha taratibu. Ukucha ulikwama: palikuwa na pengo dogo kama la wembe uliogonga jiwe. Nililainisha pengo hilo kwa msasa namba 1500 uliolowa mafuta, nikamalizia kwa kipande cha jinzi, nikiwa makini nisiifupishe ncha yenyewe, kwa kuwa ncha ikifupika hakuna taimingi itakayoiokoa. Kisha nilichora alama ya kalamu kuonyesha ndoano ilipokaa kwenye mhimili wake kabla ya kulegeza chochote. Fundi wetu hakuchora, nami sikumwomba.

Halafu nilizungusha gurudumu la mkono mpaka sindano ikafika chini kabisa na kuanza kupanda. Inapokuwa imepanda milimita 2 hivi, uzi huwa umejikunja kitanzi kidogo nyuma ya sindano, na hapo ndipo ncha ya ndoano inapotakiwa kufika, juu kidogo ya tundu, kwenye lile bonde dogo lililochongwa mgongoni mwa sindano. Nililegeza skrubu 3 za ndoano, nikaiweka hapo, nikazikaza. Ilihama. Nikarudia, ikahama tena. Ilinichukua mara 4 kuelewa kwamba skrubu ya kwanza ikikazwa moja kwa moja mpaka mwisho huiburuta ndoano kwenda upande wake. Inafaa kuzikaza zote kidogo kidogo kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na kuangalia upya kila zamu.

Jaribio la mwisho haliwi mstari mnyoofu. Cherehani hii hutembea pande zote, na sindano hupinda kidogo kuelekea inakoburutwa, kwa hiyo nilichora duara kubwa juu ya kitenge chenye pamba ndani na kulishona lote. Robo tatu za duara zilitoka safi, robo ya kuelekea kushoto ikaruka mishono 5. Nilibadilisha sindano ya namba 100 nikaweka ya 110, ambayo ni nene na haipindi kirahisi, nikausogeza mwanya wa ndoano kiasi cha unywele. Duara la sita lilitoka zima. Kugonga kulipungua kwa zaidi ya nusu, lakini bado kulikuwapo.

10 Mei: Mguu unaorukaruka

Nusu iliyobaki ilikuwa ya mguu. Katika cherehani ya mkono mrefu mguu haukandamizi nguo wakati wote, kwani ungekandamiza kichwa kisingeweza kutembea. Huruka juu sindano ikiwa nje na kushuka sindano inapochoma. Wa kwetu ulikuwa umeshushwa kupita kiasi, ukawa unagonga bamba kwa kila mshono. Dalili ilikuwa wazi baada ya kujua pa kuangalia: palikuwa na pete inayong'aa kwenye bamba, kulizunguka tundu la sindano, sawasawa na umbo la mguu.

Niliushusha mguu hadi mwisho wake kwa gurudumu la mkono, nikaweka kadi ya mchango wa harusi chini yake, nikalegeza skrubu, nikauacha ukae juu ya kadi, nikakaza. Sauti ya bamba iliisha, lakini mguu ukawa unausukuma mfarishi mbele yake kama reki, maana kadi ile ni nyembamba na pamba yetu ni nene. Kadi ya benki, yenye unene wa milimita 0.76, ndiyo iliyofaa. Gharama: hakuna, ila mkunjo mmoja kwenye kadi ya shangazi. Desibeli 79.

24 Mei: Mvumo

Kwa mvumo nilikiri kushindwa, nikamtafuta mzee mmoja wa Gerezani ambaye miaka yote ametengeneza mota na pampu, na ambaye aliniambia kabisa kwamba mashine ya kushona hajawahi kuishika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Iwashe, kisha tunyamaze."

Alichomoa bisibisi ndefu, akaiweka ncha yake kwenye gamba la kichwa na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Alianza kwenye mota, akatikisa kichwa. Akasogea kwenye beringi ya mbele ya mhimili wa juu, akatikisa tena. Alipofika kwenye ya nyuma, karibu na puli ya mkanda, alikaa hapo muda mrefu, kisha akanikabidhi bisibisi bila kusema neno. Nilipoiweka sikioni nilisikia kitu ambacho hewani hakikusikika kabisa: mchanga, kama mtu anayepepeta dagaa kwenye ungo. Kwenye beringi ya mbele, kwa bisibisi ile ile, kulikuwa na mvumo mororo tu.

Alivua puli na kuitoa beringi kwa pula, kifaa cha kuvutia beringi. Ilikuwa 6202, tundu la milimita 15, upana wa nje 35, unene 11. Grisi yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kuwa kama kipande cha sabuni kilicholowa, na njia ya gololi ilikuwa na vidoa vya kutu. Alishauri tubadilishe zote mbili kwa kuwa kichwa kilikwisha kufunguliwa, nikakubali. Kisha nikafanya ubahili usio na faida: badala ya kununua pale alipoelekeza, nilichukua jozi ya 5,000 kila moja kwenye meza ya njiani. Ziliimba baada ya siku 3. Tulipozitoa, mzee alisugua maandishi kwa kitambaa chenye spiriti na namba zikafutika, jambo ambalo kwenye beringi halisi halitokei kwa kuwa maandishi yake yamechongwa kwenye chuma. Jozi ya pili ilikuwa 12,000 kila moja, ya aina ya 2RS yenye kizibo cha mpira pande zote, maana vumbi la pamba huingia kirahisi zaidi kwenye zile zenye kifuniko cha bati. Kazi yake, pamoja na kurudi mara ya pili, ilikuwa 50,000. Hakuongeza kwa ajili ya ubahili wangu, ila alicheka.

Kilichoua beringi si kutu peke yake. Mkanda wa meno ulikuwa umekazwa kama waya wa kuanikia nguo, ukiivuta beringi ya nyuma upande mmoja saa zote, na kwa kuwa ulikwisha kupasukapasuka tuliweka mpya kwa 18,000. Sasa kidole kikiubonyeza katikati, unabonyea milimita 5 hivi. Desibeli 74.

31 Mei: Meza na transfoma

Pimamaji ilionyesha kwamba upande wa mlangoni ulikuwa chini kwa milimita 9, kwa sababu sakafu ya chumba imejengwa na mwinamo wa kupitishia maji ya kudekia. Ndiyo maana kichwa kilikuwa kinatambaa chenyewe kwenda mlangoni tukikiachia, na magurudumu ya upande huo yanabeba zaidi. Tulisawazisha kwa skrubu za miguu, tukakaza bolti zote za fremu (4 zilikuwa zinazungushika kwa vidole), na chini ya kila mguu tukaweka kipande cha tairi alichotukatia fundi wa katambuga, vipande 4 kwa 2,500 kila kimoja. Baada ya wiki moja vipande vitakuwa vimejibana kwa uzito na pimamaji itarudiwa.

Mvumo mmoja mwororo ulibaki hata mashine ilipozimwa. Tuliutafuta kwa nusu saa kabla ya kukumbuka kwamba transfoma imekaa kwenye kibao kilichofungwa kwenye fremu, nayo hunguruma muda wote inapopata umeme. Tuliishusha sakafuni juu ya vipande vya kandambili kuukuu, ikiwa na nafasi ya kupitisha hewa. Desibeli 71.

14 Juni: Matunzo tuliyojiwekea

Kila bobini inapobadilishwa tunapiga brashi nyumba yake na kutia tone moja, si mawili, kwenye njia ya ndoano. Tone la pili hurukia kitenge cha mteja. Mshono wa kwanza baada ya mafuta hushonwa kwenye kitambaa chakavu. Sindano hubadilishwa kila mfarishi mpya unapowekwa, hata kama ile ya zamani inaonekana nzima. Asubuhi reli na magurudumu hufutwa kwa kitambaa kikavu, na reli hazipakwi mafuta kamwe, maana mafuta hukusanya vumbi la pamba na kulifanya gundi. Msimu wa masika tulilazimika kuangalia kutu kila siku mbili. Mashine isipotumika, toroli husogezwa kila jioni ili gurudumu lisilale upande mmoja. Na pamba tunaikatia chumba cha nyuma.

28 Juni: Baada ya mifarishi 6

Mifarishi yote 6 imekabidhiwa, wa mwisho siku 2 kabla ya harusi. Jumla ya matengenezo ni 224,500. Kati ya hizo, 68,000 zilipotea bure: dawa ya kunyunyiza, beringi 8 za magurudumu, pakiti ya DB×1, taimingi ya kwanza na beringi za mezani.

Kwenye mfarishi wa tano kugonga kulirudi ghafla, nami nikakimbilia taimingi. Mdogo wangu alinizuia mkono, akatoa bamba, akakuta kipande cha uzi kimejikunja nyuma ya ndoano. Alikitoa kwa kibanio, tukaendelea.

Imebaki sauti moja, ndogo, ya kitu kinachogusana chini ya bamba, nayo husikika mashine ikienda polepole. Ni kikapu cha bobini kinachochezacheza kwenye kidole cha chuma kinachokizuia kisizunguke pamoja na ndoano. Nilijaribu kukisogeza kidole karibu zaidi na sauti ikaisha, lakini uzi wa juu ukaanza kukatika, kwa sababu ni kwenye mwanya huo huo ndipo unapopita kila mshono. Nimekirudisha kilipokuwa.